Mgeni wa Siku ya Tatu

Wazee wetu walituachia methali mbili juu ya mgeni, na kwa mtu asiyezitafakari zaonekana kana kwamba zinagombana. Ya kwanza yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ya kwanza yafungua mlango kwa furaha; ya pili, kama wengi wanavyoieleza, yaanza kuurudisha taratibu. Basi mtu tusiyemjua akifika kwetu, anatudai nini hasa, na kwa muda gani? Je, kumpokea ni hisani tu, ambayo tukiiacha hatukosi kitu, au ni wajibu ambao siku moja tutaulizwa juu yake?

Swali hili twapenda kulitazama leo kwa kuanzia mbali, kwa watu wasafirio kwa mashua katika pwani ya mashariki ya Marekani. Tumeuchagua mfano wa mbali kwa makusudi. Mambo ya nyumbani mtu huyatazama kwa macho yaliyozoea. Ya mbali huyaona wazi, kisha hurudi kwake akajihoji.

Katika pwani ile iko njia ya maji iitwayo Intracoastal Waterway. Yaanzia mji wa Norfolk, katika jimbo la Virginia, na kushuka kusini mpaka Florida. Toka Norfolk hadi Miami ni karibu maili 1,100. Si mto mmoja wala mfereji mmoja, bali ni mito, hori, ghuba na mifereji ya kuchimbwa, vyote vikiwa vimeunganishwa ili vyombo vipite ndani ya nchi bila kukabili mawimbi ya bahari kuu ya Atlantiki. Kila mwaka majira ya baridi yakikaribia, mashua nyingi hushuka kusini kutafuta joto, na baridi ikiisha hupanda tena kaskazini. Wengi wa wasafiri hao ni wazee waliostaafu, mume na mke, wanaokaa chomboni kwa miezi.

Mtu aweza kudhani kwamba mwenye mashua yake mwenyewe hahitaji kitu kwa mtu. Sivyo. Msafiri wa majini huingia mjini kwa mlango wa nyuma. Hana gari, na duka li mbali na gati. Maji ya kunywa yamekwisha, mashine imeharibika siku ya Jumapili, upepo umekataa, na katika mji mzima hakuna ajuaye jina lake. Hapo ndipo hutokea jambo ambalo wasafiri wa njia ile hulisimulia mara kwa mara: mtu asiyewajua huja gatini, huwasalimu, huwachukua garini mwake mpaka dukani, au huwakabidhi ufunguo wa gari lenyewe na kuwaambia walirudishe watakapomaliza. Hajawaomba hati wala rehani. Amewapa kitu kilicho kigumu kutoa kuliko fedha, yaani amana.

Mji uliojulikana mno kwa jambo hili ni Elizabeth City, katika jimbo la North Carolina. Mji huo uko kando ya mto Pasquotank. Vyombo vitokavyo kaskazini kwa mfereji wa Dismal Swamp hufika hapo, na mbele yao iko Albemarle Sound, ghuba pana isiyo na kina kikubwa, ambayo upepo huichafua upesi. Kwa hiyo wasafiri hungoja hapo hata hali ya hewa iwe njema. Mwaka 1983 wazee wawili wa mji huo, Fred Fearing na Joe Kramer, waliziona mashua zilizokuwa zimefunga kwenye gati jipya, wakakata shauri kuwakaribisha wenyewe. Kramer alikata mawaridi katika bustani yake ili kina mama wapewe waridi kila mmoja, na wageni wakaandaliwa divai na jibini. Jambo la siku moja likawa desturi. Wenyeji wengine wakajiunga nao, wakaitwa Rose Buddies, yaani masahaba wa waridi. Kramer alipofariki, miti yake ya mawaridi ilihamishiwa gatini, kazi isife pamoja naye. Fearing aliendelea kuwapokea wageni katika uzee wake, hata alipofariki mwaka 2007. Mji nao uliwaruhusu wageni kufunga mashua zao pale bila malipo kwa saa 48.

Saa 48 ni siku mbili kamili. Wazee wetu wangesikia habari hiyo, wangetazamana na kucheka.

Habari hii yapendeza, lakini tusiishie kuisifu. Mtu mwenye akili aweza kuitilia mashaka matatu, na kila moja lastahili jibu, kwa maana mashaka hayo hayo yanauhusu ukarimu wetu sisi.

Shaka la kwanza ni hili: huenda ni biashara tu. Mgeni aliyepewa waridi hununua chakula mjini, huwasimulia wenziwe, nao huja. Twajibu kwamba faida si dhambi, na mioyo ya watu ni nadra kuwa na nia moja tu. Mama apikaye kwa upendo naye hula katika chungu kile kile. La kuuliza ni hili: je, wema ule ulitolewa kwanza, kabla ya kujua kitakachorudi, au ulingoja kwanza kuona mkoba wa mgeni?

Mfano mkubwa wa jambo hili tunao katika Matendo ya Mitume. Merikebu iliyombeba Paulo kwenda Roma ilivunjika kisiwani Malta, nao watu 276 waliokuwamo wakafika pwani wakiwa hai, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Mvua ilinyesha na baridi ilikuwa kali. Wenyeji wakawawashia moto, wakawapokea wote. Hawakuchagua kwanza nani askari, nani mwenye mali, nani mfungwa; na Paulo alikuwa mfungwa. Baadaye nyoka alipomwuma mkononi, walidhani kwamba ni mwuaji aliyefuatwa na hukumu. Alipokosa kufa, wakageuka wakasema ni mungu. Hivyo ndivyo tuwatazamavyo wageni mpaka leo: ama twawaogopa kupita kiasi, ama twawastaajabia kupita kiasi. Lakini angalia kwamba moto ulikuwa umekwisha kuwashwa kabla ya fikira zote mbili. Walimpokea kama mtu aliyelowa maji, na hiyo ilitosha.

Kisha mkuu wa kisiwa, jina lake Publio, akawakaribisha kwake siku tatu. Baba yake alikuwa kitandani, ana homa na kuhara damu. Paulo akaingia, akaomba, akamponya. Mgeni alikuja, na mwenyeji akapona, sawasawa na methali yetu. Lakini Publio hakufungua mlango ili baba yake apone, hakujua lolote. Faida ilikuja, ila haikuwa bei. Hapo ndipo ukarimu unapotengana na biashara.

Shaka la pili ni zito zaidi. Yasemwa: wazee wale waliwakaribisha watu walio kama wao, wenye mashua nzuri na mavazi safi. Je, mgeni mwingine angepata waridi?

Hatuwezi kuwahukumu wazee wa mwaka 1983 kwa makosa wasiyoyatenda. Lakini maji yale yana historia, wala si vema kuificha. Mfereji wa Dismal Swamp ulianza kuchimbwa mwaka 1793, ukafunguliwa mwaka 1805. Waliouchimba, wakisimama katika matope ya kinamasi, walikuwa kwa sehemu kubwa watumwa wenye asili ya Afrika, waliokodishwa na mabwana zao. Katika kinamasi hicho hicho watumwa waliotoroka walijificha, wengine kwa miaka mingi, wakaona heri nyoka na mbu kuliko bwana. Na katika mfereji huo alifanya kazi mtumwa mmoja jina lake Moses Grandy, nahodha hodari wa mashua za mizigo. Grandy alilipia uhuru wake mara tatu. Mara mbili bwana aliyemmiliki alipokea fedha yake kisha akamdhulumu. Mara ya tatu ndipo alipompata mtu aliyelitimiza neno lake. Habari za maisha yake zilichapishwa London mwaka 1843. Aliyajua maji yale kuliko wengi waliopita baadaye kwa matembezi, lakini juu ya maji hayo hakuhesabiwa kuwa mgeni wala mwenyeji. Alihesabiwa kuwa mali.

Hata baada ya utumwa kuondolewa, mlango haukufunguka kwa wote. Mwaka 1936 mtu mmoja wa Harlem, New York, jina lake Victor Hugo Green, alianza kutoa kitabu cha mwongozo kwa wasafiri weusi. Kitabu hicho kilionyesha hoteli, mikahawa na hata nyumba za watu binafsi ambamo msafiri mweusi angepata kitanda bila kufukuzwa wala kutukanwa, nacho kiliendelea kutolewa mpaka miaka ya 1960. Kazi ya Green ilikuwa kupeleka barua za posta. Na Fred Fearing naye, kabla ya kustaafu, alikuwa mpeleka barua. Twaona jambo la kutafakari hapo. Mpeleka barua hujua kwamba nyuma ya kila mlango kuna mtu mwenye jina. Mmoja aliitumia elimu hiyo kuwaonyesha wageni milango ya kubisha. Mwingine aliitumia kuwaendea wageni yeye mwenyewe kabla hawajabisha.

Basi ukarimu haupimwi kwa kuwatazama waliokaa mezani tu, bali pia kwa kumtafuta yule ambaye hakuwekewa kiti. Wala tusiwanyoshee Wamarekani kidole. Kwetu sisi, mgeni ashukaye garini, viatu vyang'aa, huchinjiwa kuku, na watoto huambiwa wanyamaze. Ndugu aliyetoka kijijini kwa miguu, nguo zina vumbi, huelekezwa jikoni, akapewa kilichobaki. Mtume Yakobo aliwaonya Wakristu wa kwanza juu ya dhambi hii, waliompa tajiri mahali pazuri na kumwambia maskini asimame kando. Onyo hilo halijachakaa.

Shaka la tatu ndilo linalotugusa zaidi. Yasemwa: ni rahisi kumpenda mgeni wa mashua, kwa sababu ataondoka. Upepo ukitulia, atafungua kamba, naye hatarudi kuomba chumvi. Je, huu ni upendo, au ni starehe ya jioni moja?

Shaka hili ni la haki, na hapa ndipo methali ya pili inapotuita. Wako waisemao kama silaha: siku ya tatu mpe jembe, aone haya aende zake. Sisi twaisoma vingine. Mtu huwezi kumpa jembe bila kumwonyesha mahali pa kulima. Jembe bila shamba ni kejeli. Ampaye mgeni jembe kwa kweli amemwambia hivi: siku mbili tulikutumikia, tangu leo umekuwa mmoja wetu, ulime nasi, ule nasi. Siku ya tatu haimfukuzi mgeni. Yaukomesha ugeni wake.

Wakristu wa kale nao walifikiri hivyo. Kiko kitabu kidogo kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume, ambacho ni miongoni mwa maandiko ya kale kabisa ya Kanisa nje ya Biblia. Humo jumuiya yafundishwa kumsaidia mpita njia kadiri iwezekanavyo, naye asikae zaidi ya siku mbili au tatu. Lakini akitaka kukaa nao, na awe ana ufundi, afanye kazi ale. Na kama hana ufundi, jumuiya yenyewe itumie akili kumtafutia njia ya kuishi kati yao bila uvivu. Tafakari neno hilo la mwisho. Mzigo wa siku ya tatu hauko kwa mgeni peke yake. Uko kwa mwenyeji pia, atumie akili.

Mgeni naye ana wajibu wake. Msafiri mwema wa mashua huacha gati safi kuliko alivyolikuta, hachoshi fadhila ya watu, na kwa kuwa hawezi kumlipa aliyempa ufunguo wa gari, hulilipa deni kwa kumsaidia mwenye chombo atakayemkuta amekwama mbele ya safari. Mgeni akataaye jembe siku ya tatu amemtukana aliyempa chakula siku ya kwanza.

Sasa na turudi nyumbani, tukiwa bado katika habari za wageni wajao kwa maji. Mwezi Mei mwaka 2015, machafuko yalipotokea Burundi, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Kagunga, kijiji cha wavuvi katika ufuko wa ziwa Tanganyika, karibu na mpaka. Mbele ya kijiji ni maji, nyuma ni milima. Wengine walifika kwa miguu, wengine kwa mitumbwi. Kipindupindu kikazuka. Meli ya zamani Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, iliwachukua mamia kwa mamia kuwapeleka Kigoma. Watu hao hawakusafiri kutafuta joto la jua. Wala hawakuweza kufungua kamba na kurudi upepo ulipotulia. Kwa kijiji kidogo mzigo ule ulikuwa mkubwa, na asemaye kwamba ulikuwa mwepesi hajui maana ya kugawana kisima.

Lakini nchi hii imeijua pia siku ya tatu. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walipewa jembe na mahali pa kulima. Walifyeka pori, wakalima, wakalisha wengine, watoto wao wakazaliwa hapa. Baada ya miaka mingi Serikali ya Tanzania iliamua kuwapa uraia zaidi ya 160,000 miongoni mwao, na mwaka 2014 vyeti vyao vikaanza kutolewa. Kwa watu wale siku ya tatu ilichukua zaidi ya miaka 40 kutimia. Ilichelewa, lakini ilifika, na yatupasa kuikumbuka kila tusikiapo mtu akisema kwamba mgeni ni mzigo tu.

Je, waridi la Elizabeth City ni kitu duni basi, kwa kuwa lilitolewa kwa mtu aondokaye? La, hasha. Hakuna afikaye siku ya tatu bila kupita siku ya kwanza. Mtoto aliyemwona baba yake akimpa maji mpita njia ana njia iliyo wazi moyoni mwake. Siku atakapotakiwa kutoa shamba, hataanza upya. Wema mdogo ni chuo cha wema mkubwa. Hatari yake ni moja tu: mwanafunzi kudhani amemaliza shule siku aliyojifunza kuandika jina lake.

Kwa hiyo twawaomba ninyi, wazazi na watoto wa jamaa zetu zote, mjiulize maswali mawili. La kwanza: katika parokia yetu ni nani aliye katika siku yake ya tatu? Ni mwalimu aliyehamishiwa hapa toka mkoa mwingine, ambaye mwaka unakwisha na hajaalikwa nyumba yoyote? Ni mjane aliyerudi na watoto kutoka mbali, ambaye twamsalimu mlangoni mwa kanisa kila Jumapili kwa heshima, wala hatujui anapolala? Hao wamekwisha kupewa siku mbili. Wanangoja jembe, yaani kiti katika jumuiya, kazi, jina.

La pili ni gumu zaidi. Yuko mgeni ambaye wengi hatumhesabu kuwa mgeni. Ni binti aliyeletwa kutoka kijijini kutusaidia kazi za nyumbani. Alifika jioni, na mzigo wake mdogo, hamjui mtu katika mji mzima. Yeye hakupewa zile siku mbili. Alikabidhiwa jembe siku ya kwanza, kabla ya kuulizwa kama amekula. Twamtaka amkaribishe kila ajaye nyumbani kwetu, awapelekee wageni maji ya kunawa, apike, atandike; lakini ni nani aliyemkaribisha yeye? Anakula lini, na pamoja na nani? Akiugua, twaita mganga au twampa nauli?

Wale wazee wawili wa Elizabeth City waliwaona watu wasiowajua kwenye gati lao wakaenda kuwasalimu. Wengi wetu hatuna haja ya kwenda gatini. Mgeni wetu yu jikoni, naye ametutumikia miaka miwili. Leo jioni, kabla ya sala ya pamoja, na aitwe kwa jina lake aketi mezani, na mwingine wa nyumba ampelekee yeye maji ya kunawa.